Kopo la Shaba la Bwana Shamba

Gari lilikuwa na viti viwili tu, halina paa la kudumu, na lilikaa chini mno hata mtu aliyesimama kando yake aliona kichwa cha dereva usawa wa kiuno chake. Watoto wa Bakoba, mtaa wetu wa mjini Bukoba, walilibatiza jina la kobe, ingawa halikuwa na mwendo wa kobe. Mwenyewe alikuwa kijana wa Muleba aliyepelekwa Ulaya kusomea kilimo, akarudi mwaka uleule wa Uhuru na shahada, koti la sufu ambalo halikuvalika katika joto letu, na risiti ya gari lililokuwa bado baharini. Lilifika baada ya miezi. Lilishushwa Mombasa, likapanda treni hadi Kampala, likaja kwa barabara kupitia Mutukula, na siku lilipoingia mjini Bukoba hata wazee waliokuwa wakicheza bao walisimama kulitazama.

Serikali ilimwajiri katika mambo ya kahawa. Watu wote walimwita bwana shamba, nami nitamwita hivyo.

Mimi nilikuwa fundi bati. Nilifanya kazi katika karakana moja Bakoba, mali ya mzee Mwislamu ambaye babu yake alikuja na misafara kutoka pwani akaoa hapa. Mzee alinifundisha kukata, kukunja, kulehemu kwa risasi, na baadaye kuchomea kwa gesi. Nyumbani kwetu ni Ijuganyondo. Baba alikufa nikiwa bado darasani, akatuachia kibanja cha migomba na kahawa, mama, na mdogo wangu mmoja wa kike. Kwa ujira wa karakana nilimsomesha huyo mdogo wangu hadi akawa mwalimu, na jambo hilo lilinipa fahari kuliko lolote nililowahi kulifanya kwa mikono.

Shule aliyofundisha ilikuwa na shamba lake, kama shule zote wakati wa elimu ya kujitegemea. Bwana shamba alikwenda pale kuwaonyesha wanafunzi jinsi ya kupunguza matawi ya mibuni. Alikwenda mara ya kwanza kwa sababu ya mibuni. Safari zilizofuata hazikuwa na uhusiano mkubwa na mibuni. Mdogo wangu alikuwa mtu wa kuuliza maswali. Akiona saa imefunguliwa ataegemea juu yake mpaka fundi amfukuze. Aliniambia kuwa siku ile ya kwanza hakumuuliza bwana shamba habari za Ulaya kama walimu wenzake. Alimwomba afunue boneti.

Nilifurahi, sitasema uongo. Nilifurahi kwa ajili yake, na nilifurahi pia kwa ajili yangu, kwa kuwa mtu wa namna ile angekuwa shemeji yangu.

Taabu ya gari ilianza miaka michache baada ya Azimio la Arusha. Lilikuwa likichemsha. Kwenye barabara ya lami ya mjini halikusumbua, lakini ukilipeleka kwenye vilima vya kwenda Muleba, mshale wa joto ulipanda hadi mwisho na mvuke ukatoka pembeni mwa boneti. Bwana shamba alilileta karakanani, tukalichunguza pamoja, na yeye ndiye aliyenieleza, maana alikuwa na kitabu cha gari hilo. Kwa sababu pua ya gari iliinamishwa chini ili likate upepo, rejeta ilikaa chini kuliko injini. Hewa ikiingia kwenye maji haina pa kutokea. Inakwenda kukaa juu, ndani ya kichwa cha injini, na pale ilipo hewa hapana maji ya kupooza. Basi waliolitengeneza waliweka kopo la chuma juu kabisa, karibu na ukuta unaotenganisha injini na miguu ya abiria. Maji ya moto yanaingia ubavuni mwa kopo, si katikati, ili yazunguke ndani kama maji yanavyozunguka kwenye faneli ya kumiminia mafuta. Yakizunguka, maji mazito yanabanwa ukutani na kushuka, na hewa inakusanyika katikati na kupanda juu kwenye kifuniko. Kopo la gari lake lilikuwa limeliwa na kutu mpaka kidole changu kilipita.

Aliandika Ulaya kuomba jingine. Wakajibu kuwa lipo. Lakini fedha za kigeni zilihitaji kibali, na kibali kilirudi kimekataliwa, kikiwa na maneno kwamba gari lenyewe ni la anasa. Wakati huo watu wa chama walikuwa wameanza kulitazama gari lile kwa jicho baya. Kwenye mkutano mmoja mtu alisimama akauliza kama vumbi la kobe linaelekea kwenye ujamaa au linatoka huko. Watu walicheka. Bwana shamba naye alicheka, lakini aliponisimulia hakuwa akicheka. Zamani tungepata kitu cha namna ile Kampala kwa siku mbili, lakini baada ya jeshi kupindua serikali kule, mpaka ulikuwa mahali pa kuogopwa. Vitu vyetu vililetwa na meli ya Mwanza, na meli ilileta kwanza vilivyotakiwa na wengi.

Ndipo mdogo wangu aliposema, jioni moja tukila nyumbani, kwamba kopo ni kopo, na kaka yake hutengeneza makopo kila siku.

La kwanza nililitengeneza kwa bati la debe. Nilijaribu kwanza jinsi ya kuyafanya maji yazunguke. Niliweka bomba la kuingizia katika pembe mbalimbali, nikimimina maji na majani makavu ya chai ili nione yanavyokwenda, na bwana shamba na mdogo wangu wakakaa juu ya masanduku wakitazama kama watu waliokwenda sinema. Pembe ilipokuwa sawa, majani yalikusanyika katikati na kusimama wima kama uzi mweusi. Mdogo wangu alipiga makofi. Nakumbuka nilisikia aibu kidogo kwa furaha niliyokuwa nayo.

Bati halikudumu. Lilianza kuvuja kabla mvua hazijaisha. Basi bwana shamba akatafuta shaba nyekundu. Mfanyabiashara mmoja wa Kihindi alikuwa amehama mji baada ya nyumba zake kuchukuliwa, na nyuma ya nyumba mojawapo palikuwa na tangi la kuchemshia maji ya kuoga, limetoboka chini lakini juu zima. Bwana shamba aliomba kwa aliyekuwa akiishi pale akapewa. Shaba ile ilikuwa nzuri. Niliikata, nikaipasha moto ilainike, nikaikunja juu ya gogo, nikaing'arisha kwa msasa mpaka nikaona meno yangu ndani yake.

Kopo kama lile halilehemewi kwa risasi. Linachomewa kwa vijiti vya shaba ya njano, kwa gesi, ili mshono uwe na nguvu sawa na ukuta wake. Gesi tuliitengeneza wenyewe kwa kutia maji kwenye mawe ya kabaidi, hayo yalikuwepo. Vijiti vilikuwa vimebaki vitatu karakana nzima. Nilichomea ubavu, nikachomea mabomba mawili, nikachomea kitako, na hapo vijiti vikaisha. Kilichobaki ni bamba la juu, lile linalobeba shingo ya kifuniko.

Ilikuwa Ijumaa. Mzee alikuwa ameagiza vijiti vingine Mwanza, na kama meli isingekwama vingefika wiki ya pili yake. Lakini Jumapili hiyo mdogo wangu alikuwa apelekwe Muleba kujulikana kwa wazazi wa bwana shamba. Ndizi mbivu zilikuwa zimeshakamuliwa huko, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa ikisubiri, shangazi zake walikuwa wameitwa. Alikuja karakanani baada ya shule, bado ana chaki kwenye vidole, akauliza kama kopo litakuwa tayari. Nilimwambia wapande basi. Akasema ataonekanaje akishuka kwenye basi na vumbi la mabegi ya watu. Alisema kwa mzaha, hakuwa mtu wa majivuno. Akaongeza kwa sauti ya kawaida tu, "Lakini kama haiwezekani, kaka, basi."

Kama angelalamika labda ningekataa.

Nilikunja ukingo wa bamba la juu juu ya ukuta wa kopo, nikalifunga kwa kulipiga nyundo pande zote, nikalehemu kwa risasi. Mzee alikuja akasimama nyuma yangu. Alikuwa mtu wa kusema kidogo.

"Hapo juu ndipo mvuke unaposukuma," alisema. "Risasi haitakaa."

Nilimwambia nimeukunja mshono, risasi ni ya kuziba tu. Nilimwambia pia kwamba wanakwenda na kurudi mara moja, kisha nitalifungua nilimalizie vijiti vikifika. Jambo ambalo sikumwambia ni kwamba kifuniko nilichoweka kilitoka kwenye lori, kwa kuwa cha gari lile kilikuwa kimekufa mpira, na kifuniko cha lori hakifunguki mapema. Kinaubana mvuke zaidi. Nililijua hilo. Nililijua wakati nikikikaza kwa kiganja changu.

Jumamosi nilimfungia bwana shamba kopo kwenye gari. Nilimwambia asilikimbize sana, na nikamwonyesha mpira mmoja wa maji uliokuwa na ufa, nikasema autafutie mwingine. Alisema hakuna mwingine popote, akauzungushia utepe mweusi. Hilo la mpira nililisema waziwazi, kwa sauti. Kuhusu bamba la juu sikusema neno. Nilikuwa nimelipaka nta na kuling'arisha, na mshono wa risasi ulionekana kama mshono mwingine wowote.

Walisali misa ya kwanza, wakaondoka. Mama alimfunga mdogo wangu kitambaa kichwani kwa ajili ya upepo, wakacheka kwa sababu kitambaa kilikuwa cha mama na kilinuka moshi wa jikoni. Gari lilishuka njia ya kibanja taratibu, majani ya migomba yakiligusa pande zote.

Ilikuwa wakati ule ambapo serikali, kwa sababu ya bei ya mafuta, ilikataza magari kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Mtu akikutwa barabarani baada ya saa hiyo alikuwa na kesi, na kwa mwenye gari kama lile kesi isingekuwa ndogo. Ilibidi wafike, wakaribishwe, wale, waagwe, na warudi Bukoba kabla ya saa nane. Lakini mkwe mtarajiwa haondoki ukweni kama mtu aliyepita kuomba maji. Walitafunishwa punje za kahawa za kumkaribisha mgeni, walipewa ndizi na samaki wa kisiwa cha Bumbire, shangazi mmoja alitaka kumwona mdogo wangu anavyomenya ndizi, mwingine alitaka aimbe. Waliponyanyuka ilikuwa karibu saa saba. Bwana shamba alilikimbiza gari.

Haya nayajua kutoka kwake, kwa kuwa mimi nilikuwa nyumbani nikipogoa majani ya migomba. Baada ya nusu ya njia, kwenye mlima, mshale ulipanda. Aliendelea kidogo akidhani wakifika juu upepo utalipooza. Hawakufika juu. Alisimama, akafunua boneti, akamwambia mdogo wangu asiguse kifuniko kabisa mpaka injini ipoe. Kisha akachukua galoni akashuka bondeni kutafuta maji. Alikuwa amefika kwenye mfereji aliposikia kishindo kama cha chupa iliyotupwa ukutani, na baada yake, alisema, kimya. Yeye alitegemea kusikia sauti, hakusikia. Alipanda akikimbia bila galoni.

Mdogo wangu hakugusa kifuniko. Aliegemea kutazama, kama kawaida yake.

Lori la padri mmoja lililokuwa likiwahi saa nane lilimchukua hadi hospitali ya misheni. Mimi nilipata habari jioni. Nilitembea, maana hapakuwa na gari la kutembea Jumapili jioni, nikalala njiani kwa jamaa, nikafika asubuhi. Sitaeleza nilichokiona kitandani zaidi ya kusema kwamba uso, shingo, na mkono wa kulia vilikuwa vimefungwa, na kwamba aliutambua mwendo wangu kabla sijasema, akaunyoosha mkono mzima. Jicho la kulia lilipotea. La kushoto wauguzi waliliokoa.

Bwana shamba alikuwa nje, amekaa kwenye ngazi. Mikono yake nayo ilikuwa imefungwa kwa kuwa alimvua nguo zilizokuwa zikichemka. Alisimama aliponiona, akasema, "Ni ule mpira. Uliniambia niubadilishe, mimi nikazungusha utepe."

Nilipaswa kusema hapo. Nimeupitia wakati huo mara nyingi, nikijaribu kujikumbusha kama kulikuwa na kitu kilichonizuia, mtu aliyepita, mlango uliofunguliwa. Hakukuwa na kitu. Tulikuwa wawili kwenye ngazi, asubuhi, na alikuwa akinitazama usoni. Nilimwambia tumwachie Mungu.

Siku ya tatu nilikwenda na dereva wa lori kulivuta gari. Nilifunua boneti peke yangu wakati dereva akifunga kamba. Mpira wenye ufa ulikuwa mzima, utepe wake mkavu. Bamba la juu la kopo lilikuwa limeinuka upande mmoja, likiwa wazi kiasi cha kupitisha vidole vitatu, na risasi imekatika kwa mstari mnyoofu kama iliyokatwa kwa kisu. Uwazi ulielekea upande wa abiria. Nilitoa kisu mfukoni nikaupasua mpira kwenye ule ufa wake. Nililifungua kopo nikalifunga kwenye shati langu. Dereva aliuliza kama kuna cha kusaidia. Nikasema hakuna.

Karakanani nililipiga nyundo likakaa sawa, nikalehemu upya. Mzee aliingia nikiwa bado nalishika. Alilichukua, akaupitisha mshono chini ya kidole gumba, akalirudisha mezani, akaenda kutawadha kwa ajili ya sala ya adhuhuri. Hakunifukuza na hakuniuliza. Ila tangu siku ile kazi yoyote iliyohitaji moto na maji, birika za hoteli, mitungi ya hospitali, aliifanya mwenyewe, hata mikono yake ilipoanza kutetemeka. Mimi nilibaki na ndoo na mifereji ya paa.

Mdogo wangu alikaa hospitali miezi. Alipotoka, ngozi ya shingo ilikuwa imeshikana na ya bega, akawa anageuka mwili mzima ili amtazame mtu. Alirudi kufundisha. Wiki ya kwanza watoto wa darasa la kwanza walilia, mmoja akakimbia kabisa, na yeye akamfuata hadi kwao, akakaa na mama yake akimenya maharage mpaka mtoto akazoea. Hivyo ndivyo alivyokuwa.

Bwana shamba alikuja kila Jumapili asubuhi, kwa miguu kutoka mjini. Gari alikuwa amelisukumia nyuma ya nyumba ya wazazi wake Muleba na hakuligusa tena. Alileta sukari ilipopatikana, sabuni ilipopatikana. Kila alipokuja, kabla hajaondoka, alimwomba msamaha. Nilimsikia kwa masikio yangu, nikiwa jikoni au kwenye migomba, akirudia maneno yaleyale kuhusu mpira. Alitaka harusi iendelee. Mama alitaka. Hata wazazi wake, waliosemekana kusita, walituma ujumbe kwamba binti ni wao tayari. Mdogo wangu alikataa. Watu walisema ni kwa sababu ya uso wake, kwamba anaona haya kusimama kanisani. Nami nilisema hivyo walipouliza. Baada ya mwaka na zaidi bwana shamba aliomba uhamisho, akapelekwa kusini, mbali kabisa, kwenye vijiji vya korosho. Alikuja kuaga. Alinipa mkono akaniambia nimtunze mdogo wangu vizuri kuliko alivyomtunza yeye.

Niliendelea kuishi. Nilioa, nilipata watoto. Mzee alikufa, wanawe wakauza karakana. Vita vya Amin vikaja vikapita, na mipaka ikafunguka, na vijiti vya shaba vikawa vinauzwa dukani kama peremende.

Mama alipokufa tulikaa matanga nyumbani Ijuganyondo. Siku ya nne wageni wengi walikuwa wamekwenda, nami nilimkuta mdogo wangu nyuma ya nyumba akimenya ndizi za watu waliobaki. Nilikaa mbele yake nikachukua kisu kingine. Sijui kwa nini siku ile. Labda kwa kuwa mama hakuwepo tena wa kusikia. Nilimwambia yote, vijiti vitatu, risasi, kifuniko cha lori, kisu nilichoupasulia mpira. Niliongea nikitazama ndizi.

Aliendelea kumenya mpaka ile ya mkononi ikaisha.

"Najua," alisema. "Nililiona likifunguka. Nilikuwa nikilitazama."

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Alijibu bila hasira, kama anayemweleza mwanafunzi aliyechelewa kuelewa. Alisema alipolala hospitali macho yamefungwa alisikia kila kitu. Alimsikia bwana shamba akilia kuhusu mpira, akanisikia mimi kimya. Akangoja niseme. Alingoja siku hiyo, na wiki hiyo. Mama alikuwa akila kwa mikono yangu, na mimi nilikuwa nimemsomesha; kama angetamka yeye, karakana ingenifukuza na mji usingenipa hata ndoo ya kuziba. Basi alidhani nitasema mwenyewe, kwa wakati wangu.

"Sikumkataa kwa ajili ya uso," alisema. "Yeye uso huu hakuuogopa. Ila kila Jumapili aliniomba msamaha kwa kitu ambacho hakukifanya. Ningelala vipi na mtu huyo miaka yote, nimeshika jambo lako mdomoni?"

Nilimwambia nitamtafuta bwana shamba nimweleze. Akasema miaka imepita, lakini hakusema nisiende.

Bwana shamba alikuwa amestaafu, amerudi Muleba, ana mke na watoto wakubwa. Nilikwenda kwa basi. Nilimkuta ukumbini mwake akisoma gazeti la wiki iliyopita, nywele nyeupe, miwani minene. Alinikaribisha kwa furaha ya kweli, akamwita mke wake alete kahawa, akauliza kwanza habari za mwalimu. Nilingoja mke atoke. Kisha nikamwambia, kwa maneno yaleyale niliyomwambia mdogo wangu, kwa kuwa nilikuwa nimeyarudia njia nzima.

Alivua miwani. Akatazama viganja vyake. Nilidhani atanipiga, na ningependa anipige.

"Yeye alijua?" aliuliza.

Hapo ningeweza kumwachia kitu. Ningeweza kusema hapana. Lakini nilikuwa nimekwenda kule kusema kweli, nikaona ni lazima niiseme yote, nikajibu kuwa alijua tangu mwanzo, aliona kwa macho yake.

Aliinuka kwa shida, akashika mlango wa chumba cha ndani. Sura yake ilikuwa imebadilika kwa namna ambayo habari ya kopo haikuibadilisha. "Kila Jumapili," alisema. "Alinisikiliza kila Jumapili." Akaingia ndani. Mke wake alitoka na kahawa, akanikuta peke yangu, akauliza bwana yuko wapi. Nilimwambia amepumzika. Nikanywa kahawa yake kwa heshima, nikaaga.

Mdogo wangu aliponiuliza alisema nini, nilimweleza. Aligeuka mwili mzima kunitazama.

"Lako ulikuwa na haki ya kulisema," alisema. "Langu halikuwa lako."

Hiyo ni miaka mingi sasa. Bwana shamba amezikwa Muleba. Tulisikia baada ya wiki, hakuna aliyetuletea habari. Mdogo wangu amestaafu, anaishi kwenye nyumba ya mama, nami naishi ng'ambo ya kibanja hichohicho. Nampelekea ndizi mkungu ukikomaa, naye huniletea senene, wale panzi wa kuliwa, msimu ukifika, wamekaangwa vizuri. Tunasalimiana kila asubuhi. Tunazungumza mvua, ada za wajukuu wangu, bei ya kahawa. Akinihitaji huwatuma watoto waniite, na huwaambia wamwite babu yao, au fundi. Neno kaka sijalisikia kinywani mwake tangu siku ile niliporudi kutoka Muleba.